Ardhi Haikungoja Marahaba

Nchi yenyewe siitaji. Anayedhani ameitambua akae nayo moyoni, maana huko kutambua mambo ni kosa la jinai. Nitakachosema ni kwamba katika nchi hiyo hakuna ndege iliyowahi kuanguka. Neno "kuanguka" liliondolewa kwenye lugha ya anga kwa amri ya Mlezi Mkuu wa Taifa, likaachiwa maembe na watoto wanaofanya mitihani. Ndege za huko hutua. Zaweza kutua kwa magurudumu, zaweza kutua kwa tumbo, zaweza kutua kwenye shamba la mtu zikiwa miguu juu, lakini zinatua, na anayebisha huonyeshwa mahali pa kubishia.

Shirika la Mabawa ya Taifa lilikuwa na ndege ndogo moja. Ikishatua kiasi cha kutofaa tena, marafiki wa nje walileta nyingine, wakapigwa picha wakipeana mikono na wakubwa, wakaondoka kwa barabara. Rubani naye alikuwa mmoja, Kepteni Tegemeo Lubango, kaka wa mke wa Mlezi Mkuu. Alipelekwa ng'ambo kusomea mapishi ya hotelini, akarudi rubani, na namna ilivyokuwa hakuna aliyeuliza. Alikuwa mtu wa tumbo na miwani ya jua. Kuhusu kurusha ndege alijua jambo moja tu, kwamba yeye ni mkubwa.

Huko Mtegeni alisahau kutoa magurudumu. Ndege ikaja kwa tumbo, ikakwangua kiwanja kutoka mwanzo hadi mwisho, abiria wakatoka wakipiga chafya za vumbi. Tume ya Uchunguzi ikakaa, ikala, ikagundua kwamba kiwanja kilikuwa kimeinuka. Msimamizi wa kiwanja akawekwa ndani kwa kuacha ardhi ya serikali ijipandishe bila kibali.

Huko Chambavu alitua upepo ukimsukuma mgongoni, kwa mwendo wa mtu anayekimbizwa, akakimaliza kiwanja chote na kuishia ndani ya josho la ng'ombe. Abiria walitoka wameogeshwa dawa ya kupe. Tume ilisema josho halikupisha. Josho likavunjwa hadharani, na baada ya hapo ng'ombe wa Chambavu wakafa kwa kupe, ila ng'ombe si abiria na hawaundiwi tume. Huko Kiloweko aliibwaga ndege katikati ya mkonge, mbali kabisa kabla ya kiwanja, na Tume ikatamka kwamba kiwanja kilichelewa kufika. Wanakijiji wakagawiwa majembe wakisogeze.

Taarifa zote hizo zilisomwa na Bi. Sikudhani Mtandika wa Redio ya Taifa. Huyu mama alikuwa na sauti ya kumfanya mtu apunguze moto jikoni ili asikilize vizuri, hata kama anachosikia ni upuuzi. "Ndege yetu imetua kwa msisitizo," alisoma siku ya josho, bila kutikisika. Kisha alirudi nyumbani kumkanda mumewe paji la uso kwa maji ya moto. Maana mumewe, Hatibu, ndiye aliyekuwa rubani msaidizi, aliyekaa kiti cha kulia, ubavuni mwa Kepteni, katika kila kutua.

"Baba Tunu," alimwuliza baada ya ile ya Mtegeni, "wewe hukuona kwamba magurudumu hayajatoka?"

"Niliona."

"Sasa?"

"Nilikohoa."

Bi. Sikudhani aliacha kitambaa kwenye beseni. "Ulikohoa?"

"Mara ya kwanza kidogo tu. Mara ya pili nikakohoa kwa maana kabisa. Akanipa pipi ya kifua."

"Mdomo si unao! Si ungemwambia?"

"Mama Tunu, yule ni mkubwa. Nimwambie mkubwa kasahau magurudumu? Mbele ya abiria? Wewe ungenielewaje?"

"Ningekuelewa nikiwa na mume."

Hatibu akacheka. Mkewe hakucheka. Alikuwa ameshasoma taarifa nyingi kiasi cha kujua zinakoelekea, na hofu yake ilikuwa moja, nayo ilimkaa kifuani kila ndege ile ilipoondoka. Iko siku angepewa karatasi studioni, na katika karatasi hiyo angelikuta jina la Hatibu.

Basi marafiki wa nje wakachoka kuleta ndege. Ile iliyofuata waliitia chombo cha kuonya, kidude kisichozidi kopo la maziwa, ambacho ndege ikikaribia ardhi vibaya hupaza sauti ya kike na kusema, "Ardhi! Ardhi! Vuta juu!" Siku ya kwanza kiliposema hayo, juu ya Mtegeni pale pale, Kepteni aligutuka, akavuta, akazunguka tena, akatoa magurudumu, akatua katikati ya kiwanja. Abiria walipiga makofi. Bibi mmoja alilia kwa furaha. Kepteni aliteremka kwa hasira.

"Ni nani yule mwanamke?" aliuliza. "Nasema ni nani? Hajanisalimia, hajanijulia hali, ananiambia 'vuta'! Mimi! Kama ananituma ndoo ya maji kisimani!"

Jambo likafika bungeni kabla ya injini kupoa. Waziri wa Adabu na Anga, Mheshimiwa Mngumi, alisimama na kulihutubia Bunge mpaka wabunge wa nyuma wakaota ndoto na kuzimaliza.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "taifa hili halikupigania uhuru wake ili lije lifokewe na kopo! Tunauliza, na historia inauliza, je, ni halali mtu mzima, mwenye familia, mwenye vyeo, kuamrishwa na kitu kisichojua hata shikamoo? Ndiyo, tunataka usalama. Nani hataki usalama? Lakini usalama bila heshima, Mheshimiwa Spika, huo ni utovu wa nidhamu uliovaa mkanda!"

Wabunge waligonga meza. Iliamuliwa kwamba chombo kisiondolewe, kisije kikawaudhi marafiki, bali kifundishwe adabu. Kamati ya Maadili ya Vyombo ikaundwa chini ya Mheshimiwa Mngumi mwenyewe, na ikatafutwa sauti ya mwanamke wa hapa hapa, aliyelelewa. Sauti ikapatikana Redio ya Taifa.

Bi. Sikudhani alipoitwa, kwanza alifurahi hadi akanunua khanga. Alijiona yumo mle ndani ya ndege, kati ya mumewe na lile jitu, akisema kwa niaba ya wote wenye kukohoa. Furaha ikamwisha alipokabidhiwa maneno ya kusoma.

Yalianza kwa hodi. Hodi ya kwanza, kituo, hodi ya pili. Kisha: "Shikamoo Mheshimiwa Kepteni Balozi Tegemeo Lubango, Nahodha wa Mawingu, Shemeji wa Taifa." Hapo chombo kilipaswa kunyamaza hadi kisikie "marahaba." Kisiposikia, kirudie salamu kwa upole zaidi, kwani huenda mkubwa anatafakari. Kikishaitikiwa kiulize habari za nyumbani, kingoje. Kiulize habari za kazi, kingoje. Mwisho kabisa kiseme: "Samahani sana kwa kukukatiza. Ikikupendeza, na kama nafasi ipo, ardhi iko karibu."

"Mheshimiwa," alisema Bi. Sikudhani, "haya ni marefu."

"Ni mazuri," alisema Mheshimiwa Mngumi.

"Ni mazuri, Mheshimiwa, lakini ndege itakuwa inashuka. Mpaka nifike kwenye habari za kazi, tutakuwa tumeshafika chini."

"Mama, chini ni pa nani?"

"Sikuelewa, Mheshimiwa."

"Ardhi yote ya nchi hii ni mali ya Mlezi Mkuu. Unataka kuniambia mali ya Mlezi Mkuu haiwezi kumngoja shemeji yake akamilishe salamu?"

Wajumbe walitikisa vichwa kwa kusikitikia elimu ya mama yule. Hakukubali kushindwa. Aliomba vyeo vipunguzwe, akakataliwa. Aliomba hodi iondolewe, kwa kuwa chombo tayari kimo ndani, akaambiwa hata aliye ndani hupiga hodi anapotaka kusema na mkubwa. Mwishowe alipiga magoti, mtangazaji wa taifa zima, akasema, "Naomba, Mheshimiwa. Mume wangu yumo mle."

"Ndiyo maana tukakuchagua," alisema Mheshimiwa Mngumi kwa upendo. "Mwanamke anayemsalimia mumewe nyumbani hatashindwa kumsalimia bosi wa mumewe."

Akasoma. Angefanya nini? Asiposoma yeye, angesoma mwingine, na huyo mwingine asingekuwa na mtu kiti cha kulia.

Lakini nyumbani hakunyamaza. Alimkalisha Hatibu, akamkazia macho. "Nisikilize. Siku nitakapomsalimia yule mtu naye asiitike, utaitika wewe. Umenisikia? Sema marahaba, nipite niende kwenye ardhi."

"Niitike shikamoo ya Kepteni? Mama Tunu, hiyo ni kama kuvaa suruali yake!"

"Ivae. Nipe ahadi."

Hatibu alijikuna kisogo muda mrefu. Alikuwa mwanamume mzuri, mwaminifu, mwenye heshima zilizopitiliza, na heshima hizo ndizo mkewe alizozichukia siku ile kuliko kitu chochote duniani. "Haya," alisema. "Nitaitika."

Siku yenyewe ilikuwa sikukuu ya Taifa. Ndege ilikwenda Kiloweko kupeleka keki, mabango na maofisa wa itifaki, kwenye kile kiwanja kilichosogezwa kwa majembe. Kepteni alikikaribia kwa upande usio wake, haraka mno na chini mno. Ndege ilipiga kichuguu, ikalalia ubavu wa kulia, ikaburuzwa hivyo hivyo. Kepteni alitoka amevunjika kidole kidogo cha mkono. Hatibu hakutoka.

Bi. Sikudhani aliletewa karatasi studioni. Aliisoma kimya, akaiweka mezani, akavua vipokea sauti na kwenda nyumbani kwa miguu, na taarifa ya siku hiyo ikasomwa na kijana mwingine aliyetamka vibaya jina la marehemu. Alilia kwa sauti barabarani, mbele za watu, yule ambaye sauti yake ilikuwa haijapata kutikisika.

Tume ilikaa katika ukumbi wenye mapazia. Mjane aliitwa, si kwa huruma, bali kutambua sauti yake. Kisanduku cha kunasia maneno kikafunguliwa, na watu wote wakasikia.

"Hodi. Hodi. Shikamoo Mheshimiwa Kepteni Balozi Tegemeo Lubango, Nahodha wa Mawingu, Shemeji wa Taifa," ilisema sauti ya Bi. Sikudhani, tamu kama siku zote. Kimya. Injini. Kikohozi. Shikamoo ikarudiwa, kwa upole zaidi. Kikohozi kingine, cha mtu anayetaka kupasua kifua. Kisha sauti ya Hatibu, imekauka: "Marahaba!"

"Habari za nyumbani?" iliuliza sauti ya mkewe.

"Nzuri, Mama Tunu, nzuri! Sema upesi!"

"Habari za kazi?"

"Nzuri! Sema! Kepteni, ardhi hiyo, vuta—"

Na juu ya hayo, kubwa na yenye kuumia, sauti ya Kepteni: "Ebo! Nani kakuruhusu kuitika salamu yangu?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho. Mkono wa Kepteni, ambao ungeweza kuvuta, ulikuwa umenyoosha kidole kumkanya msaidizi. Ndicho hicho kidole kilichovunjika.

Ukumbini hakuna aliyekohoa. Bi. Sikudhani alikuwa ameinama, ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Alikuwa ameahidiwa, na ahadi ilitimizwa. Yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, alikuwa amemwuliza mumewe habari za nyumbani wakati anakufa.

Mheshimiwa Mngumi alisoma uamuzi akiwa amesimama. Chombo kilisifiwa kwa utii wake. Kepteni alipongezwa kwa kulinda hadhi ya salamu katika mazingira magumu. "Chanzo cha kutua kwa kulala," alisoma, "ni marehemu Hatibu kujitwalia marahaba isiyo yake, na hivyo kuivuruga akili ya mkubwa katika dakika nyeti. Marehemu anapewa onyo kali." Onyo likaandikwa, likapelekwa, likabandikwa kwenye msalaba wa mbao juu ya kaburi kwa gundi ya serikali. Hatibu alikuwa Mwislamu. Msalaba waliuleta wao wenyewe, ili pawe na pa kubandika.

Bi. Sikudhani aliung'oa msalaba huo, akauvunja kwa goti, akarudi nyumbani. Hapo ndipo machozi yalipomkauka. Kilichobaki ndani yake hakikuwa huzuni, na mimi ninayesimulia sioni haya kusema kilikuwa chuki, safi, iliyotulia, isiyo na haraka.

Marafiki wa nje, kwa aibu au kwa mazoea, wakaleta ndege nyingine. Kamati ikakutana tena kurekebisha kasoro. Kasoro ya kwanza ilikuwa rubani msaidizi, kwa hiyo kiti cha kulia kikafutwa, na mahali pake pakawekwa kiti cha Mheshimiwa Mngumi, aliyetaka kuona mawingu kwa mbele. Kasoro ya pili ilikuwa kwamba mtu yeyote aliweza kuitika. Sasa chombo kikafundishwa kuitambua sauti ya Kepteni peke yake. Kasoro ya tatu ilikuwa salamu yenyewe, ambayo wajumbe, wakiisikia tena, waliiona kavu kidogo.

Wakamwita mama. Walitarajia magoti. Alikuja amevaa nguo za eda, kwa ruhusa maalumu ya Kamati, akaketi mbele ya kipaza sauti akawaangalia.

"Tumeongeza kidogo, mama," alisema Mheshimiwa Mngumi, akijiandaa kwa ubishi. "Tumetia Mlezi wa Upepo na Mshauri wa Mvua."

"Ni vizuri, Mheshimiwa," alisema Bi. Sikudhani.

Wajumbe walitazamana.

"Si marefu?"

"Hapana. Ila naona mmesahau ule Udaktari wa Heshima aliopewa juzi na Chuo cha Ushonaji. Na nishani ya kidole. Mtu ameumia kazini, hatatajiwa jeraha lake?"

Mheshimiwa Mngumi alimshika mkono kwa mikono yote miwili. "Umekua, mama," alisema, na machozi yalimlengalenga. "Msiba umekukuza."

Wakaongeza Udaktari, wakaongeza nishani. Aliwauliza kama mkubwa wa kiasi hicho aulizwe habari za nyumbani tu, bila ya mke, watoto na wakwe mmoja mmoja kwa jina. Wakaona haya, wakaongeza mke, watoto na wakwe. Alisoma yote kwa sauti ya taratibu, akipumzika mahali pa kupumzika, bila kuruka hata kituo. Hakubadilisha neno wala kuficha kitu. Fundi wa studio alisema hajapata kusikia usomaji wenye heshima kama ule, na Kamati ikapiga makofi imesimama.

Ndege ilizinduliwa kwa safari ya kwenda Mtegeni. Kamati nzima ilipanda, na Tume nzima, kwa kuwa wote walistahili. Kepteni alishika usukani kwa kidole kilichofungwa bendeji ya rangi za taifa. Mheshimiwa Mngumi alimpungia mama mkono kutoka kiti cha kulia, akamwita apande nao, nafasi ipo.

"Ahsante, Mheshimiwa," alisema Bi. Sikudhani. "Mimi nimeshapanda. Nimo humo mbele."

Wakacheka wote. Yeye akachukua gari la redio, akatangulia Mtegeni kutangaza mapokezi.

Kulikuwa na ngoma, watoto wenye bendera, na msimamizi mpya wa kiwanja aliyekuwa amekwisha kufunga mizigo yake kwa vyovyote itakavyokuwa. Ndege ilitokea juu ya vilima, ikang'aa, ikaanza kushuka. Watu wakashangilia. Upepo ulikuwa mgongoni mwake. Chini ya tumbo lake hapakuwa na magurudumu.

Mtayarishaji alimvuta mkono akimwambia wako hewani, aseme, taifa linasikiliza.  Macho ya Bi. Sikudhani yalikuwa juu, na midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti, polepole, kwa heshima, ikipumzika pale pale alipopumzika studioni. Msimamizi wa kiwanja, aliyesimama karibu, alidhani anasoma dua, naye akainua mikono yake.

Alikuwa amefika kwenye Mshauri wa Mvua.